Shajara ya Ukuta wa Sehemu: Jumamosi Nane Kaptembwo

Jumamosi, Januari 11

Tumeanza leo na watoto kumi na wanne wa Gredi ya 5, katika chumba cha nyuma tulichoazimwa hapa Kaptembwo. Madirisha hayana vioo na vumbi la Januari la Nakuru linaingia litakavyo. Kufikia saa nne ningeweza kuandika hesabu kwa kidole juu ya meza.

Sikufundisha kitu. Nilitaka kwanza kujua wamefika wapi katika hesabu za sehemu. Niliandika ubaoni 1/2 na 4/8, nikauliza ipi ni kubwa. Tisa walisema 4/8, watatu wakasema 1/2, wawili wakasema ni sawa. Wale tisa walikuwa na sababu yao, na si sababu ya kipumbavu: nne ni kubwa kuliko moja, nane ni kubwa kuliko mbili, basi 4/8 itakosaje kuwa kubwa? Wale watatu walikuwa wamesikia mahali kwamba namba ya chini ikiwa kubwa, sehemu inakuwa ndogo. Waliishika nusu ya kanuni hiyo, wakaisahau namba ya juu kabisa.

Jibu lililonisumbua zaidi ni la mmoja wa wale wawili waliopata. Alisema, "Mwalimu, ukizidisha juu na chini kwa nne, moja inakuwa nne, mbili inakuwa nane." Vizuri. Nikamuuliza: unapozidisha kitu kwa nne si kinakua? Mbona hiki hakikui? Akaniangalia, akaangalia ubao, akanyamaza. Kanuni anayo, lakini anaibeba kama mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua ndani yake mna nini.

Mradi wenyewe ni huu: kutengeneza kitu cha mbao ambacho mtoto atakishika mkononi mpaka aweze kujibu swali lile bila kunyamaza.

Jumamosi, Januari 18

Magazeti ya zamani kwanza. Kila mtoto alikunja karatasi mara moja, akaifungua, akapaka nusu yake rangi. Kisha akaikunja tena, na tena, na tena. Mara mbili, vipande vinne. Mara tatu, vinane. Mara nne, kumi na sita. Kila tulipofungua, rangi ilikuwa palepale, haijasogea hata unywele, ila mistari ndani yake ilikuwa imeongezeka: kipande kimoja chenye rangi kikawa viwili, vikawa vinne, vikawa vinane. Tukaandika 1/2, 2/4, 4/8, 8/16. Niliona nyuso mbili tatu zikifunguka pamoja na karatasi.

Lakini karatasi ina mpaka wake. Ukikunja unapata mbili, nne, nane, kumi na sita tu. Thuluthi tulijaribu kuikunja kama barua, ikaenda upande, na humusi, moja ya tano, hatukuthubutu.

Kisha chapati. Nilinunua kumi na nne kwa mama wa kibanda cha kona, moja kwa kila mtoto, tukawapanga wawili wawili. Mmoja anakata yake vipande vinne na kuchukua viwili. Mwenzake anakata vipande vinane na kuchukua vinne. Nilitarajia waseme "ni sawa" na kazi iishe. Badala yake msichana wa karibu na mlango akasema, "Mwalimu, nusu yangu si nusu yake." Tukaziweka moja juu ya nyingine. Kweli, ya mwenzake ilizidi kwa upana wa kidole. Chapati za kusukumwa kwa mkono hazilingani.

Ningeweza kumwambia ajifanye zinalingana. Nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu tulikaa hapo nusu saa na ndiyo nusu saa bora tuliyopata tangu tuanze. Je, hiyo ya kwako si nusu? Ni nusu. Na ya mwenzako? Ni nusu pia. Mbona hazilingani? Wakagundua wenyewe kwamba tulikuwa tunalinganisha nusu za vitu viwili tofauti. Nusu ni nusu ya kitu fulani. Tukisema 2/4 ni sawa na 4/8, tunamaanisha za kitu kizima kilekile, au vizima viwili vinavyolingana kabisa.

Shosho mwenye nyumba alikuwa ameketi mlangoni akitusikiliza. Akasema wao zamani senti hamsini waliiita sumuni. Mvulana mmoja, aliyekuwa amejifunza siku hiyohiyo kwamba thumuni ni moja ya nane, akaruka: "Lakini Shosho, senti hamsini ni nusu ya shilingi, si moja ya nane!" Nikamrudishia swali la chapati: moja ya nane ya nini? Akahesabu kwa vidole akafika: moja ya nane ya shilingi nne ni senti hamsini. Nusu ya shilingi moja na thumuni ya shilingi nne ni pesa ileile.

Usiku nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyosema kwa Kiswahili. Tunasema "robo tatu" kama tunavyosema "mayai matatu": robo ndicho kitu, tatu ni idadi yake. Dukani mtoto anatumwa sukari robo, na anajua bila kufundishwa kwamba robo mbili ni nusu kilo. Namba ya chini, ile asili, ni jina la kipande. Namba ya juu, kiasi, ni hesabu ya vipande. Darasani tunaisoma sehemu kama namba mbili zilizopandana, mtoto anapotea. Akiambiwa thumuni nne, anaanza kuviona vipande vinne mezani. Kuanzia wiki ijayo tutazitaja kwa majina kwanza, ndipo tuandike.

Jumamosi, Januari 25

Nimeenda kwa Fundi, jirani yangu, mwenye kibanda cha useremala kando ya barabara. Nilimweleza: nataka fito za mbao zilizo na urefu mmoja, mmoja mzima, mwingine umekatwa nusu, mwingine thuluthi, na kuendelea mpaka kumi na mbili. Zikipangwa moja chini ya nyingine zinakuwa ukuta, na unaweza kushusha jicho kutoka mstari hadi mstari ukaona kinachokutana na kipi.

Akaniuliza swali nililopaswa kuwa nimejiuliza mimi: urefu gani? Yeye alipendekeza inchi 24, kwa sababu futi yake ya kupimia ni ya inchi na 24 inagawanyika vizuri. Nusu 12, thuluthi 8, robo 6, sudusi (moja ya sita) 4, thumuni 3, kumi na mbili kila kipande inchi 2. Tukafurahi hadi tulipofika kwenye humusi: 24 kugawa kwa 5 ni inchi 4 na 4/5, na futi ya Fundi imegawanya kila inchi vipande kumi na sita. Hakuna mstari wa 4/5 pale. Tukahamia upande wa sentimita. Urefu mmoja unaogawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12 bila kubakisha ni 120, lakini fito za sentimita 120 hazingeingia mezani. Tukachukua 60. Kila kitu kinatoka kizima isipokuwa thumuni, sentimita 7.5, na nusu sentimita inaonekana wazi kwenye futi. Tulikubaliana.

Kisha akanionyesha futi yake kwa karibu. Ile mistari ndani ya inchi: mrefu kuliko yote ni wa nusu, unaofuata ni wa robo, kisha thumuni, kisha mifupi kabisa ya kumi na sita. Akaweka ukucha kwenye mstari wa nusu, akasema, "Hapa ni nusu. Pia ni nane, ukihesabu vidogo." Amekuwa akizifanyia kazi sehemu zilizo sawa kwa miaka yote hiyo, mara mia kwa siku, bila kuziita kwa jina lolote.

Jumamosi, Februari 1

Siku ngumu. Fito zilikuwa tayari, za saiprasi, zimepigwa msasa zikanukia chumba kizima. Nilikuwa nimemwomba Fundi afanye haraka, basi akaweka alama kwenye kila ufito wa sentimita 60 na mwanafunzi wake wa kazi akazikata zote kwa msumeno wa umeme.

Watoto wakapanga. Baada ya dakika chache, yule msichana wa chapati: "Mwalimu, sita za kumi na mbili hazifiki nusu." Nikadhani amepanga vibaya. Nikapanga mwenyewe. Hazikufika, zilipungua karibu sentimita moja na nusu. Tukapanga zote kumi na mbili chini ya ufito mzima, na mwisho wake ulikuwa umepungua zaidi ya sentimita tatu. Kumi na mbili juu ya kumi na mbili haikuwa moja.

Nilihisi vibaya sana. Nilikuwa nimewaletea watoto kifaa cha kuonyesha usawa, nacho kikawaonyesha kinyume.

Fundi alipoitwa alielewa mara moja. "Msumeno nao hula, Mwalimu." Njia ambayo ule msumeno unaila kwenye mbao ina upana wa kama milimita 3. Kupata vipande kumi na viwili unakata mara 11, na 11 mara 3 ni milimita 33, sentimita 3.3 zilizogeuka unga wa mbao chini ya meza. Kupata nusu unakata mara moja tu, unapoteza milimita 3. Ndiyo maana kadiri vipande vilivyokuwa vidogo, ndivyo ufito ulivyopungua.

Watoto walitaka kujua ule unga ulikwenda wapi, hivyo tukatumia saa nzima kuhesabu hasara ya kila mstari. Robo, mara 3 kukata, milimita 9. Humusi, milimita 12. Thumuni, 21. Walifurahi kuliko ambavyo wangefurahia somo nililopanga.

Fito hizo hazifai. Tunaanza upya.

Jumamosi, Februari 8

Safari hii Fundi alikata polepole. Ufito mrefu, pima kipande cha kwanza, kata nje ya mstari, pima upya kutoka kwenye ncha mpya, kata. Kwa zile kumi na mbili alihitaji ufito wa sentimita 63.3 angalau. Akazipaka rangi, kila mstari rangi yake.

Ukuta umesimama. Mistari tisa: kizima, nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni, ushuri (moja ya kumi), na vile vya kumi na mbili.

Tuliweka rula wima kwenye mwisho wa nusu ya kwanza na kuishusha. Inakutana na mwisho wa robo ya pili, sudusi ya tatu, thumuni ya nne, ushuri wa tano, na cha sita kati ya kumi na mbili. Kwenye thuluthi na humusi rula inapita katikati ya mbao. Kwa nini? Nilisubiri. Mvulana wa sumuni akasema kwa sababu tatu na tano hazigawanyiki kwa mbili, hakuna mahali pa kusimama katikati. Tukahamisha rula hadi mwisho wa thuluthi mbili: sudusi nne, nane za kumi na mbili, na basi. Thumuni hazikutani nayo popote.

Kisha nikawaacha wacheze. Hiyo tu. Saa moja na nusu ya kuhamisha rula na kuandika walichokiona.

Jumamosi, Februari 15

Leo ndipo tulipofika kwenye kanuni, wiki ya sita, na sijutii kuchelewa.

Nilianza na kosa. Nilitoa swali: tengeneza sehemu iliyo sawa na 2/3. Wanne waliandika 4/5. Walikuwa wameongeza mbili juu na mbili chini. Kosa hili ni la kuheshimiwa, kwa kuwa ndani yake mna wazo zuri: ukitendea juu na chini jambo moja, usawa unabaki. Tatizo ni jambo lenyewe. Nikawatuma ukutani. Thuluthi mbili ni sentimita 40. Humusi nne ni sentimita 48. Mmoja wao aliweka kidole kwenye lile pengo la sentimita 8 na kukiacha pale kwa muda mrefu.

Nikachukua zile thuluthi tatu, mbili za rangi ya chungwa juu na moja nimeigeuza upande usio na rangi. Kwa penseli nikagawanya kila thuluthi mara nne. Nikauliza: sasa vipande vyote ni vingapi? Kumi na viwili. Vyenye rangi? Vinane. Nimeongeza mbao? Hapana. Nimepaka rangi zaidi? Hapana. Basi nimefanya nini? Yule mtoto wa siku ya kwanza, aliyenyamaza, alijibu: "Umekata kila kimoja mara nne. Vya rangi vimekuwa mara nne na vyote vimekuwa mara nne." Nikamuuliza tena lile swali lake: mbona haikui? "Kwa sababu vimekuwa vingi lakini vimekuwa vidogo."

Niliandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema na sikuyarekebisha.

Kurudi nyuma kulikuwa rahisi. 18/24: unaunganisha vipande badala ya kuvikata. Wengine waligawanya kwa 2 wakapata 9/12, kisha kwa 3 wakapata 3/4. Mmoja aligawanya kwa 6 mara moja, na hapo nikapata nafasi ya kuwakumbusha kigawo kikubwa cha shirika, ambacho walikuwa wamekariri muhula uliopita bila kujua kina kazi gani.

Kisha swali ambalo sikulitarajia. Msichana wa chapati aliandika 8/12 na 10/15 na kuuliza kama ni sawa. Nane haizidishwi kwa namba yoyote nzima ikawa kumi. Darasa likagawanyika. Wengi walisema haziwezi kuwa sawa. Nikawaambia wazishushe zote mbili hadi mwisho. 8/12 inashuka hadi 2/3. 10/15 inashuka hadi 2/3. Kimya, kisha kelele. Ni kama mtu wa Njoro anayekwenda Bahati: haruki moja kwa moja, anapitia mjini. Baadaye tulijaribu kuzidisha kwa mshazari, 8 mara 15 na 12 mara 10, zote 120, na tukaona sababu yake: ukizipa zote mbili asili moja, 180, kila moja inakuwa na vipande 120.

Jumamosi, Februari 22

Baba wa mmoja wao alikuja kuwachukua, akakaa. Anatafuta ploti upande wa Bahati, hamsini kwa mia, na akawaambia watoto kwamba hiyo ndiyo moja ya nane ya ekari. Kila mtu hapa husema hivyo. Mtoto wake akasema, "Tupime, Baba."

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Sehemu yenyewe basi ni 5,000/43,560. Walianza kuishusha: kwa 10, kwa 2, kwa 2 tena. Ikafika 125/1,089 na ikakataa kushuka zaidi. Wakazidisha kwa mshazari na 1/8: upande mmoja 125 mara 8, yaani 1,000, upande wa pili 1,089 mara 1. Si sawa. Thumuni halisi ya ekari ni futi za mraba 5,445, na ploti imepungua 445. Nikawauliza 445 ni kubwa kiasi gani. Wakapata kwamba chumba cha futi 21 kwa 21 ni 441. Chumba tulichokuwa tumeketi ndani yake hakifiki hapo.

Yule baba alichukua penseli akarudia hesabu mwenyewe pembeni, pole pole, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati. Alisema ataenda nayo siku ya kuonyeshwa ploti.

Jumamosi, Machi 1

Nimerudia lile swali la kwanza, 1/2 na 4/8, kwa karatasi, bila ukuta. Kumi na watatu walisema ni sawa na kuchora. Mmoja bado alisema 4/8, nikaketi naye na fito mpaka wenzake wakaenda nyumbani. Amekosa Jumamosi tatu kwa kumlea mdogo wake. Atakuja kwangu Jumatano jioni.

Fundi anaandaa ukuta wa pili kwa mwalimu wa mtaa wa jirani, kwa mbao zilizobaki.

Kabla hatujafunga, mvulana wa sumuni aliuliza mbona ukuta hauna mstari wa saba. Nikamwambia akokotoe mwenyewe. Sitini kugawa kwa saba: nane, na desimali zisizoisha. Akauliza ufito ungekuwa na urefu gani ili saba iingie pamoja na zingine. Tukahesabu pamoja: 60 mara 7, sentimita 420, yaani mita 4 na sentimita 20. Hakuna meza ya kuubeba ufito huo. Akakaa akiitazama ile 420, kisha akauinua ule ufito mzima, usiokatwa, na kusema, "Basi huu ndio moja ya saba."

Fundi anayo kamba. Jumamosi ijayo tutaivuta uani kutoka kwenye mlango hadi kwenye mti, na watu saba watashika alama, mmoja kila sentimita 60. Wengine wataweka alama za kumi na nne katikati yao, tuone 3/7 inasimama karibu na nani.